"Dogged" ya Waingereza: tusi la mbwa lililogeuka sifa. Wapenda lugha karibuni

Kalamu ya Usiku (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Ukimuuliza mtu yeyote aliyesoma Kiingereza kwamba ile tabia ya kulishika jambo mpaka kieleweke inaitwaje, atakutajia "persistence" au "perseverance". Wachache watasema "determination". Sina ugomvi nayo. Ila kuna neno limekaa kando ambalo kwa maoni yangu lina historia tamu kuliko hayo yote, nalo ni "dogged", na jina lake "doggedness". Leo likitumika ni sifa. Mwandishi wa michezo akitaka kumsifia beki aliyekaba dakika zote bila kupumua, analitumia. Mpelelezi aliyeishikilia kesi wakati wenzake wameshaitupa kabatini, naye anaitwa hivyo hivyo.

Asili yake haihitaji darubini. Ni "dog", mbwa, likaongezwa "-ed", kama "beard" inavyozaa "bearded", yaani mwenye ndevu. Kwa hiyo kwa tafsiri ya moja kwa moja "dogged" ni mtu mwenye umbwa ndani yake. Na hapo ndipo utamu unapoanza, maana karne ya 14 neno lilipoanza kuandikwa, umbwa huo haukuwa wa kusifiwa hata kidogo. Lilimaanisha mtu mwenye roho mbaya, mkali bila sababu, mnunaji. Shakespeare kwenye tamthilia ya Mfalme John anaizungumzia vita kwa neno hilo: vita inasimamisha manyoya na kukenua meno juu ya mfupa wa ufalme uliokwisha guguniwa. Hapo hakuna uvumilivu wowote. Ni mbwa na mfupa.

Sasa twende London, karne ya 18, kwa Samuel Johnson. Huyu bwana mwaka 1746 alisaini mkataba na wauza vitabu wa kuandika kamusi ya Kiingereza. Aliwaahidi miaka 3. Rafiki yake Dk. Adams akamkumbusha kwamba Akademia ya Ufaransa, yenye wanachama 40, ilitumia miaka 40 kutengeneza ya kwao. Akapiga hesabu: 40 mara 40 ni 1600, kwa hiyo 3 kwa 1600 ndio uwiano wa Mwingereza mmoja na Mfaransa mmoja. Dharau ya kiwango cha juu. Kamusi ikatoka Aprili 1755, yaani karibu miaka 9 tangu mkataba, ikiwa na maneno zaidi ya 42,000. Alikuwa na wasaidizi 6 wa kunakili, watano kati yao Waskoti, lakini maana za maneno aliziandika yeye. Katikati ya kazi mkewe akafariki.

Fungua kamusi hiyo kwenye "dogged" uone alivyoandika: mwenye kununa, mchungu, mzito wa uso, mwenye hasira, mwenye giza moyoni. Basi. Hakuna popote palipoandikwa kwamba ni mtu asiyekata tamaa.

Miaka 18 baadaye, Agosti 1773, Johnson yuko Edinburgh na rafiki yake James Boswell, wanajiandaa kuzunguka Uskoti. Mazungumzo yakafika kwenye suala la kuandika: je, mwandishi angoje mpaka roho imshukie? Johnson akajibu kwamba mtu anaweza kuandika wakati wowote, mradi akae chini "doggedly". Boswell akainakili kauli hiyo, na alipochapisha kitabu cha safari yao mwaka 1785, akaona lazima aweke maelezo chini ya ukurasa. Akasema, kwa ufupi, kwamba neno hili kwa kawaida lina maana ya kununa, na hata kwenye kamusi ya Dk. Johnson mwenyewe maana ni hiyo peke yake. Boswell akaongeza kwamba anadhani Johnson alikusudia ukaidi wa kudhamiria, unaofanana na wa mtu aliyenuna.

Wakuu, someni tena hapo. Mtunga kamusi katumia neno kwa maana ambayo haimo kwenye kamusi aliyoitunga yeye, na rafiki yake analazimika kuwaeleza wasomaji alichokuwa anamaanisha. Mara nyingi maana ya neno ikihama hatuwezi kumkamata mtu wala tarehe, tunakisia kwa mbali tu. Hapa tunaikuta iko njiani na mizigo kichwani. Ni kati ya kauli hiyo na mwanzo wa karne ya 19 ndipo "dogged" ya kutokata tamaa ilipoota mizizi, na ile ya kununa ikaanza kufifia.

Hoja yangu ndiyo hii, mnaweza kuipiga mawe: Waingereza hawakuwahi kuwa na neno safi kwa hii tabia. Karibu kila walilo nalo lina doa la mahali lilipotoka. Na doa lenyewe lina maana, maana anayeshikilia jambo zuri na anayeshikilia ujinga, ukiwatazama kwa mbali huwezi kuwatofautisha. Karibuni.

---

Mzee wa Pembeni

Mleta mada umeandika vizuri, ila umeruka kitu. Hilo "dog" lenyewe limetoka wapi? Wajerumani wanasema "Hund". Waingereza wa kale nao walisema "hund", ndiyo "hound" ya leo, iliyobaki kwa mbwa wa kuwindia. Halafu ghafla likatokea "docga", linaonekana kwa nadra sana kwenye maandishi ya Kiingereza cha kale, halina ndugu kwenye lugha jirani, na hakuna mtaalamu aliyeweza kulitafutia baba. Kufika karne ya 16 lilikuwa limeshamfukuza mwenye nyumba. Kwa hiyo asili ya "dogged" inaishia kwenye ukuta. Tunajua ni mbwa, ila mbwa mwenyewe hajulikani alikotoka.

---

Kalamu ya Usiku

Nakazia, mzee wangu. Kuna kundi zima la wanyama wa Kiingereza wenye mwisho huo wa "-g" na wasio na ukoo: "pig", "hog", "frog", "stag". Wanaofanya kazi ya etimolojia, yaani kutafuta asili ya maneno, wanaligusa kwa tahadhari.

---

Bila Shaka

Uzi wa mbwa halafu paka hawajaitwa. Ubaguzi.

---

Chipukizi

Samahanini wakubwa. Mimi nasoma Kiingereza, nina swali dogo. Hili neno linatamkwaje? Kuna mahali nimesikia "dogd", kuna mahali nimesikia "dogid". Lipi sahihi?

---

Dada Fasaha

Mdogo wangu Chipukizi, yote mawili ni sahihi, na ukichanganya unabadilisha maana.

Likiwa sifa, ni silabi mbili: "do-gid". Linaingia kwenye familia ya "wicked", "naked", "crooked", "rugged", "wretched". Haya yote yamehifadhi matamshi ya zamani ya "-ed", wakati vitenzi vya kawaida vimeshaimeza hiyo irabu. Kuna mengine yanakaa pande mbili: "learned" kama kitenzi ni silabi moja, lakini profesa aliyebobea ni "ler-nid".

Likiwa kitenzi, "dogged" ni silabi moja, "dogd". Kitenzi hicho kina maana ya kumfuata mtu nyumanyuma kama mbwa wa kuwinda, yaani kumwandama. Sasa mtego uko hapa. Sentensi moja inasema "a dogged player", nyingine inasema "a player dogged by injuries". Wa kwanza ni mchezaji asiyeachia mpira. Wa pili ni mchezaji anayeandamwa na majeraha. Maandishi ni yale yale, ila wa kwanza ni mbwa na wa pili anafukuzwa na mbwa. Nimesahihisha tafsiri nyingi za habari za michezo ambapo mchezaji wa watu aliyelala hospitali anageuzwa kuwa shujaa mpambanaji.

---

Chipukizi

Dada Fasaha asante sana, nimeandika kwenye daftari. Na tofauti ya "persistence" na "perseverance"? Mwalimu wetu alituambia ni kitu kimoja.

---

Dada Fasaha

Mwalimu wako hajakosea sana, ila kuna mpaka. Angalia wanaoweza kuyabeba. Kikohozi kinaweza kuwa "persistent". Mvua pia, na hata doa la wino kwenye shati. Lakini huwezi kusema doa lina "perseverance", watu watacheka. Hilo linataka kiumbe chenye nia, tena kinachopata tabu.

Chimbuko linaonyesha hivyo hivyo. Yote yana "per-" ya Kilatini, yaani kupitia mpaka mwisho. La kwanza likaungana na "sistere", kusimama au kusimamisha. Doa limesimama, haliondoki. La pili likaungana na "severus", mkali, ndiko ilikotoka "severe". Kwa hiyo mwenye "perseverance" amebaki mkali, na ukali huo anaanza kujifanyia mwenyewe.

"Persevere" liliingia Kiingereza karne ya 14 kupitia Kifaransa, "persist" likaja karne ya 16 kwa njia hiyo hiyo.

---

Mtunza Jukwaa la Pili

Kwa wanaopenda tamthilia: zamani "persevere" ilitamkwa kwa mkazo kwenye silabi ya pili, per-SE-ver. Shakespeare analitumia hivyo, na mizani ya shairi inavunjika ukilisoma kisasa.

Na tazameni anaowapa walitamke. Kwenye Hamlet, anayelisema ni Claudius. Mfalme huyu amemuua kaka yake, amemuoa shemeji yake, halafu anamkalisha chini Hamlet, mtoto wa marehemu, na kumwambia kwamba kuendelea na maombolezo ya kikaidi ni ukosefu wa uchaji na wala si uanaume. Kitenzi anachokitumia kwa huko "kuendelea" ndicho hicho "persever". Muuaji anamkemea yatima kwa kutoacha kumlilia aliyeuawa! Naona inaunga mkono hoja ya mleta mada. Hapo neno halina sifa ndani yake, ni kushikilia tu.

---

Mkalimani Mstaafu

Hata kabla ya Shakespeare ilikuwa hivyo. Cicero, msemaji maarufu wa Roma, alishasema kwenye hotuba zake dhidi ya Marcus Antonius, mwaka 43 kabla ya Kristo, kwamba kukosea ni kwa mtu yeyote, ila ni mpumbavu peke yake anayeendelea ndani ya kosa. Kitenzi alichotumia ni "perseverare". Baadaye ikazuka ile methali ya Kilatini isemayo kukosea ni ubinadamu, kung'ang'ania kosa ni ushetani, na kitenzi ni kile kile.

Waliokitakasa ni watu wa dini. Augustino, mwanateolojia wa Kanisa la kale, alipokaribia mwisho wa maisha yake aliandika kitabu kizima juu ya kipawa cha kudumu mpaka mwisho, na kwake hicho kilikuwa kipawa cha Mungu, si nguvu ya mtu. Halafu wafuasi wa Calvin, mwanamageuzi wa Kiprotestanti, kwenye Sinodi ya Dort ya 1618 na 1619 huko Uholanzi, wakaliweka kati ya mafundisho yao makuu: watakatifu watadumu mpaka mwisho. Ukitoka kanisani na neno lenye hadhi kama hiyo, huwezi tena kulitumia kama tusi. "Dogged" haikupita kanisani, ndiyo maana mpaka leo ina harufu ya manyoya.

---

Mwana wa Kasisi

Mkalimani Mstaafu umenigusa. Kwenye Biblia yetu ya Kiswahili, Warumi 5, tunasoma kwamba dhiki, kazi yake ni kuleta saburi, na kazi ya saburi ni uthabiti wa moyo. Kiingereza cha kisasa mara nyingi huweka "perseverance" au "endurance" hapo kwenye saburi. Neno la Kigiriki ni "hypomone", limejengwa na "chini" na "kubaki". Yaani kubaki chini ya mzigo bila kukimbia. Nadhani saburi imekaa vizuri kuliko Kiingereza chao.

---

Kalamu ya Usiku

Hapo umefungua mlango ambao nilitaka kuupita kimya kimya. Saburi na subira zote ni za Kiarabu, shina la herufi tatu: sad, ba, ra. Na shubiri je, ule utomvu mchungu ambao Kiswahili kinautolea mfano wa uchungu wote? Kiarabu chake kinaandikwa kwa herufi zile zile tatu. Waswahili wanaosema subira ni chungu wanacheza na maneno mawili yenye herufi zile zile, wengi bila kujua.

Stahimili nayo imetoka kwenye shina la kubeba, ndiko kulikozaliwa hamali anayebeba mizigo bandarini. Kwa hiyo Kigiriki na Kiarabu wote wameona mzigo. Mwingereza peke yake ndiye aliyeona mbwa.

---

Mzee wa Pembeni

Si peke yake, kaka. Wagiriki walishampa mwanafalsafa jina la mbwa. Diogenes wa Sinope alikuwa anaitwa hivyo waziwazi, na "cynic" ya Kiingereza imetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya "wa kimbwa". Na hata hao walikuwa ving'ang'anizi wa aina yao, wanaishi bila mali na hawabadiliki hata waheshimiwa wakija. Ila neno lao limekwenda upande mwingine kabisa, leo "cynic" ni mtu asiyeamini kwamba kuna binadamu mwenye nia njema.

---

Kamba Ndefu

Wakuu, ninyi mnasifia tu historia, mimi nina wasiwasi na hitimisho. Mleta mada anasema kila neno la Kiingereza la tabia hii lina doa. "Tenacity" je? Limetoka "tenere", kushika. Mtu anashika, haachii. Doa liko wapi?

---

Kalamu ya Usiku

Swali zuri. Kwa Warumi "tenax" alikuwa pia mtu bahili, mwenye mkono usiofunguka. Mshikaji wa fedha na mshikaji wa msimamo walipewa neno moja. Ndugu yake "pertinax" ndiyo kabisa, huyo ni mshikaji aliyepitiliza, mkaidi.

Ila nakupa pointi moja: Kiingereza kilipolichukua kililiosha kweli, na wahandisi wanalitumia mpaka kwenye nguvu ya nyuzi. Ukoo wake ni mkubwa ajabu. "Tenant" ni anayeshikilia nyumba, "maintain" ni kushika kwa mkono, na hata "tennis" inasadikiwa kutoka kwenye Kifaransa "tenez", shika! Ndivyo mchezaji alivyomwambia mwenzake kabla ya kumpigia mpira.

---

Mkalimani Mstaafu

Na umelitaja "pertinax" ukaliacha hivi hivi? Kulikuwa na kaisari wa Roma wa jina hilo. Simulizi za Warumi zinasema baba yake, mtumwa aliyeachwa huru, ndiye aliyempa jina hilo kwa sababu ya jinsi alivyokuwa ameishikilia biashara yake. Mtoto akapanda, akawa mwalimu, askari, gavana, na tarehe 1 Januari mwaka 193 akaamka ni kaisari. Akataka kuwarudisha askari wa ulinzi wa kifalme kwenye nidhamu. Tarehe 28 Machi mwaka huo huo wakamuua. Siku 87. Baada ya hapo wakaunadi ufalme kwa mwenye dau kubwa, akaununua Didius Julianus, naye hakufikisha hata siku 70.

Kaisari Mshikiliaji, siku 87.

---

Bila Shaka

😂😂 Jina lilikuwa la baba, mtoto akapewa bila majaribio.

---

Chipukizi

Mimi nilidhani siku hizi neno ni "grit". Kila video ya kuhamasisha ni "grit", "grit".

---

Kalamu ya Usiku

Hilo ni changarawe, mdogo wangu. Kiingereza cha kale "greot", mchanga, kokoto ndogo. Wamarekani ndio walioligeuza kuwa sifa ya mtu mwanzoni mwa karne ya 19. Likavuma upya mwanasaikolojia Angela Duckworth na wenzake walipotoa utafiti wao mwaka 2007, halafu yeye akatoa kitabu mwaka 2016. Yeye analieleza kuwa ni shauku na kutokata tamaa kwa malengo ya muda mrefu. Kuna wanasaikolojia waliopinga, wakisema kipimo chake hakitofautiani sana na kitu kilichokuwa kinapimwa zamani, ile hali ya kuwa mtu makini na mwenye kujituma. Mimi nawaelewa. Ila kuuza vitabu, changarawe imewashinda wote.

"Pluck" nalo usilisahau. Hilo ni maini, moyo na mapafu ya mnyama yaliyong'olewa buchani, ndiyo yaliyozaa maana ya ujasiri. Na "stubborn" lipo tangu enzi za Chaucer, mshairi wa Kiingereza wa karne ya 14, ambaye mhusika wake, yule mwanamke wa Bath, anajisifu kwamba alikuwa hivyo kama simba jike. Asili yake haijulikani.

---

Kamba Ndefu

Basi nimekuelewa kuhusu doa. Lakini bado sijakubali kwamba Johnson ndiye aliyeligeuza "dogged". Mimi naona ni yule mbwa wao, bulldog. Alifugwa kwa ajili ya kupambana na fahali, anamng'ata pua hachomoki hata akirushwa hewani. Waingereza wakajipenda kupitia mbwa huyo. Neno likafuata mbwa.

---

Kalamu ya Usiku

Sikusema Johnson aliligeuza peke yake, nimesema tumemkamata akilitumia. Bulldog anaweza kuwa alisaidia, siwezi kumtoa. Ila Boswell alikuwa anaishi enzi za mbwa hao, mchezo wenyewe ulipigwa marufuku mwaka 1835, na alipotaka kulielezea neno hakumtaja bulldog hata kidogo. Alimtaja mtu aliyenuna. Kwake daraja la kutoka maana ya zamani kwenda mpya lilikuwa mnuno: anayefanya kazi bila kupenda, uso umekunjwa, lakini anafanya. Na ukimtazama Johnson mwenyewe, ndivyo alivyokuwa. Kabla kamusi haijaisha alikuwa na gazeti lake dogo likitoka Jumanne na Jumamosi, kuanzia 1750 mpaka 1752, matoleo 208, karibu yote kaandika yeye, mara nyingi kijana wa mtambo wa kuchapa akiwa anasubiri karatasi. Mtu huyo alikuwa na vipindi virefu vya huzuni nzito. Alikuwa anajilaumu kwa uvivu kwenye sala zake! Kwa hiyo anaposema "doggedly", nadhani alikuwa bado anaisikia maana ya kamusi yake: andika ukiwa umenuna, andika ukiwa na giza, ila andika.

---

Dada Fasaha

Hapo umenipata kabisa. Na inaelezea tofauti ambayo wanafunzi hawaioni. "Determined" anaweza kuwa anatabasamu. "Dogged" hatabasamu.

---

Mkalimani Mstaafu

Nyongeza kwa karne ya 19, maana bila hiyo uzi haujakamilika. Anthony Trollope alimpa fundi matofali mzee, kwenye riwaya ya 1867, kauli iliyokuja kuwa msemo: "It's dogged as does it." Kasisi maskini, mwenye kesi ya kusingiziwa wizi, anatembea kwenye tope na mvua, na huyu mzee anamwambia kinacholimaliza jambo ni umbwa, si kukaa unalifikiria. Sarufi ya mzee huyo ni mbovu, na nadhani ndiyo iliyoutunza msemo. Trollope alikuwa anajisemea mwenyewe pia. Alikuwa mtumishi wa Posta, anaamka alfajiri kabla ya kazi, anaweka saa mezani na kujilazimisha maneno 250 kila robo saa.

Aliyeupenda msemo huo ni Charles Darwin. Mwanawe Francis aliandika kwamba baba yake alikuwa akiurudia mara kwa mara. Na alikuwa na haki. Kuanzia 1846 mpaka 1854 alikaa nyumbani kwake akipasua viumbe wadogo wa baharini wenye gamba, wale wanaogandia kwenye miamba na matumbo ya meli, mmoja baada ya mwingine chini ya hadubini. Miaka 8. Mwaka 1852 alimwandikia rafiki yake kwamba anawachukia viumbe hao kuliko mtu yeyote aliyewahi kuwachukia, hata baharia aliye kwenye meli inayokwenda polepole. Inasimuliwa kwamba mmoja wa watoto wake alipotembelea nyumba ya jirani aliuliza baba wa pale anafanyia wapi viumbe wake, akidhani kila baba duniani ana kazi hiyo.

---

Kamba Ndefu

Hiyo ya mtoto imeniua. Sawa, mbwa wa mnuno nimemkubali, bulldog namwacha getini.

---

Mwana wa Kasisi

Sasa turudi kwetu. Kwa Kiswahili tulitafsirije? Uvumilivu naona haujafika, unaweza kuvumilia ukiwa umelala.

---

Dada Fasaha

Hilo ndilo linalonisumbua kazini. Neno lenye umbo sahihi kabisa ni ung'ang'anizi. Linakamata, haliachii, hata kulitamka kunataka nguvu. Lakini jaribu kumwita mtu king'ang'anizi uone. Kwenye magazeti yetu king'ang'anizi ni mtu wa madaraka asiyetaka kuondoka kitini. Niliwahi kuliweka kwenye wasifu wa mtu, mwenye kazi akalikataa, akataka "mvumilivu na mchapakazi", yaani maneno ambayo ungeweza kumwandikia mtu yeyote.

Kwa mtazamo wangu ung'ang'anizi wetu uko pale "dogged" ilipokuwa kabla ya Johnson. Kitenzi kimeshaanza kusogea. Vijana wanasema "nimeng'ang'ana mpaka nimepata", na hapo hakuna anayetukanwa. Jina tu ndilo limebaki nyuma.

---

Mzee wa Pembeni

Kuna kukomaa pia. "Komaa nalo." Na kujikaza, na kushupalia, ingawa kushupalia kunaelekea kwenye ubishi. Mimi ningetumia kukomaa kwenye maongezi, kwenye maandishi rasmi ningeweka "bila kuachia".

---

Bila Shaka

Mbwa hafi maji akiona ufuko. Wazee walishamaliza.

---

Mkalimani Mstaafu

Bila Shaka leo umesema la maana kwa mara ya kwanza. Ila angalia, kwenye methali yetu mbwa anapata nguvu kwa sababu ameona nchi kavu. Yule wa Johnson anaogelea hata pasipoonekana kitu. Kwa tafsiri nakubaliana na Dada Fasaha, ningeliacha "ung'ang'anizi" hapo hapo na kumlazimisha msomaji alizoee.

---

Chipukizi

Swali la mwisho wakubwa, msinicheke. "Dogmatic" nayo ni ya mbwa?

---

Kalamu ya Usiku

Hapana, hiyo ni ya Kigiriki, "dogma", linalotokana na kitenzi cha kuona au kudhani. Zimekutana herufi tu. Ila "canary", yule ndege wa njano, ndiye mwenye mbwa: kachukua jina la visiwa, na visiwa vilipewa jina kutokana na "canis" ya Kilatini, kwa sababu ya mbwa wakubwa ambao Pliny, mwandishi wa Kirumi, aliandika kuwa walikuwa huko.